Jina la Duka na Herufi za Mfuaji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa vijiko viwili vya fedha nikaambiwa nivipumulie.

Nilikuwa nimewasili Dubai mwanzoni mwa miaka ya 2010, nikiwa na shahada ya historia na uzoefu wa kufundisha shule ya sekondari huko kwetu Taita. Duka lilikuwa Al Mankhool, chini ya jengo la fleti, jirani na mgahawa ambao harufu ya vitunguu vyake ilikuwa ikipenya hadi kwenye makabati yetu ya vioo. Tuliuza vyombo vya kale vya fedha vilivyotoka Uingereza na Ayalandi: vijiko, pawa za supu, birika, mabakuli ya sukari yenye miguu mitatu. Mimi niliajiriwa kuwa Msaidizi wa Mthamini. Kwa vijana ambao hamkuikuta kazi hii, mthamini ni yule anayekitazama chombo akakueleza kimefuliwa wapi, zama zipi, kwa mkono wa nani, na kimeuzwa na duka gani. Kazi yake huja kabla mtu yeyote hajataja bei.

Mthamini Mkuu alikuwa mzee mfupi, Mgoa, mwenye suruali iliyopigwa pasi kama ya sare. Duka zima lilimwita Uncle. Jina lake lilikuwa Anselmo. Hakuniuliza shahada yangu. Alikiinua kijiko cha kwanza karibu na kinywa, akakipumulia taratibu kama mtu anayetaka kusafisha miwani, akanionyesha. Ukungu ulitanda sawasawa, kisha ukayeyuka. Akanipa cha pili nifanye vivyo hivyo. Pumzi yangu ilipotua, ulijitokeza mstari mwembamba kuzizunguka chapa, mfano wa kiraka kwenye nguo, nao ukatoweka kabla sijasema neno. Chapa zile zilikuwa zimekatwa kwenye chombo kingine, zikapachikwa pale na kuchomelewa ili kumdanganya mnunuzi. Jicho halikuweza kuuona ule mshono. Pumzi iliuona.

Aliniuliza kwa Kiingereza ninatoka wapi. Nilipotaja Taita, alikiweka kijiko mezani, akabadili lugha ghafla hata nikashtuka.

"Na huko kwenu mwaanza kazi bila ya shikamoo?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kiswahili chenu cha bara kimepigwa nyundo mno, lakini si kitu, tutasikilizana."

Alikuwa mzaliwa wa Unguja, mtoto wa sonara, aliyeondoka kijana na kuzunguka kwingi kabla Dubai haijamweka. Tangu siku hiyo nilimwita Mwalimu, naye aliniita mwanangu, isipokuwa nilipokosea, ndipo nilipoitwa Bibi Shahada.

Elimu yenyewe ilikwenda hivi. Chombo cha fedha kilichopimwa Dublin hubeba chapa kadhaa ndogo zilizogongwa kwa kalibu za chuma. Kuna kinubi kilichovikwa taji, kuonyesha kwamba fedha ni safi kwa kiwango cha sheria. Kuna mwanamke aliyeketi, kinubi ubavuni pake. Kuna herufi moja ya mwaka, ambayo umbo lake na umbo la ngao iliyoizunguka hukutajia ni mwaka gani. Katika vyombo vya nyakati fulani kipo pia kichwa cha mfalme, ishara kwamba ushuru umelipwa. Vyombo vya Cork na Limerick, miji iliyokuwa mbali na ofisi ya upimaji, mara nyingi havikuchukuliwa njia yote hiyo. Mafundi wa huko waligonga herufi zao na neno la kuthibitisha usafi wa fedha, wakaachia hapo. Yote haya nilijifunza kwa muda mfupi, maana yalikuwa ya kukariri, nami kukariri nilikuweza.

Kilichonichukua miaka ni chapa mbili zilizobaki: ya mfuaji na ya muuzaji. Mfuaji ni yule aliyeketi na nyundo. Alama yake kwa kawaida ni herufi mbili, za jina lake na la baba yake au ukoo wake, ndani ya kifremu kidogo. Muuzaji ni mwenye duka kubwa barabarani, aliyenunua kazi kutoka kwa mafundi wa vichochoroni. Yeye aligonga jina lake zima, kwa kina, ndani ya mstatili mrefu. Wakati mwingine aliligonga kando ya herufi za mfuaji. Wakati mwingine aliligonga juu yake, zikafa.

"Wanunuzi wetu huuliza jina refu," Mwalimu alikuwa akisema. "Wewe uliza lililo chini."

Namna ya kuuliza ilikuwa hii. Unazima taa ya juu, unaweka taa moja ubavuni ili mwanga utambae juu ya chuma badala ya kukishukia. Unakiegemeza chombo huku na huku chini ya lenzi. Ukibahatika, utaona pembeni mwa jina la muuzaji kipande cha kitu kilichokuwapo kabla: mguu wa herufi, nusu ya duara, ukingo wa kifremu. Mwanga ukishindwa, unaipitisha chapa juu ya moshi wa mshumaa hadi iwe nyeusi, unabandika utepe mwangavu, unaubandua, unaubandika tena kwenye karatasi nyeupe. Chapa hubaki kwenye karatasi, kubwa na wazi kuliko ilivyokuwa kwenye chuma.

Ndani ya droo yake Mwalimu alikuwa na karatasi tatu za namna hiyo, kutoka vijiko vitatu vilivyopita mikononi mwake kwa miaka mingi. Vyote vilikuwa na jina la duka moja la Dublin, na chini ya jina hilo, katika kila kijiko, zilikuwapo herufi za mfuaji yuleyule, zimezikwa. Alimtambua kwa mkono wake: namna alivyoliinamisha shingo la kijiko, namna alivyokondesha pale ambapo wengine walinenepesha. Herufi zake hazimo katika kitabu chochote cha rejea tulichokuwa nacho. Kijiko kimoja kilionyesha mguu uliosimama, cha pili nusu ya upinde, cha tatu ukingo wa kifremu cha mviringo kama yai. Kwenye kadi za maelezo wathamini huandika "mfuaji hajulikani". Mwalimu hakukubali niandike hivyo. Alitaka "mfuaji hajasomeka". Alisema mtu huyu mkewe alimjua, na jirani zake, na aliyemuuzia makaa. Tusijifanye kwamba kutojua kwetu ni sifa yake.

Nilimwuliza siku moja kwa nini mtu huyu mmoja amemshika hivyo. Alikuwa akila chapati kwa chai, na alijibu huku akikung'uta unga shatini. Baba yake alifua fedha Unguja maisha yake yote kwa ajili ya duka la mtu mwingine: mirashi ya kunyunyizia marashi, birika za kahawa, vibweta vya tambuu. Kila kitu kilitoka na jina la duka.

"Kipo chombo chake mahali fulani," alisema. "Huenda kilipita hapa mezani. Nilikishika, nikakithamini, nikakiuza, wala sikumjua baba yangu."

Kisha akaagiza chai nyingine.

Macho yake yalianza kumsaliti mwaka ambao duka lilianza kuuza kwa mtandao. Haukuwa mtoto wa jicho, ambao hupasuliwa ukaisha. Ulikuwa ule ugonjwa unaoweka doa katikati ya kila unachokitazama na kukuachia pembezoni tu. Aliiona meza, hakukiona kijiko. Alimwona mtu, hakuuona uso wake. Hakumficha mtu. Alimwendea mwenye duka, ambaye sote tulimwita Sir mbele yake na arbab, yaani bwana mkubwa, akiwa hayupo, akamweleza. Sir hakuwa mkatili. Alimruhusu amalizie muda wa kibali chake cha kazi, mimi nikiwa macho yake, ila kibali hakingehuishwa tena. Mwalimu angeondoka Dubai kwenda Goa, nyumbani ambako hakuwahi kuishi, kwa mpwa aliyemjua kwa simu. Na angemwacha mkewe, Filomena, katika makaburi ya Wakristo nje ya mji, alikomzika mwenyewe.

Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba angependa, kabla ya siku hiyo, amsome yule mtu wake.

Ndipo upawa ulipojitokeza. Nilikuwa nikimsomea orodha za mnada kwenye kompyuta, kama kila asubuhi, nikafika kwenye upawa wa supu kutoka Dublin. Shingo lilikuwa lile lile. Picha ilikuwa ndogo na imefifia, lakini ilionyesha jina la lile duka kwenye mstatili, na kando yake, si chini yake, kifremu cha mviringo kama yai kimesimama peke yake, kimejaa weusi wa miaka. Nilimweleza nilichokiona. Alisimama, akapapasa ukingo wa meza, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Sir. Katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikuwahi kumsikia akiomba duka linunue kitu. Siku hiyo aliomba. Sir alikubali.

Hapa inanibidi niwaeleze juu ya karakana. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye gurudumu la kung'arishia, na aliyelitawala alikuwa Kato, Mganda mcheshi, mpana wa mabega, aliyewahi kuwa mlinzi wa hoteli kabla ya kujifunza kazi hii kwa Mwalimu. Kanuni ya zamani ilikuwa kwamba hakuna chombo kinachofika kwenye gurudumu kabla hakijasomwa, kwa sababu gurudumu halichagui: hula uchafu, likimaliza huanza kula chuma. Lakini biashara ya mtandao ilikuwa imeleta Meneja wa Mauzo mpya, tuliyemwita Madam, naye aligundua kwamba vyombo vyeusi havipendezi pichani. Alibadili mpango. Chombo kikifunguliwa kisanduku kiende kwanza kwa Kato, kisha kwa mpiga picha, ndipo kiletwe kwetu. Mwalimu alipinga. Madam alimjibu kwa upole kwamba wateja hawanunui kutu, na kwamba kusoma kunaweza kungoja siku moja. Khalas, yakaishia hapo, ukawa ndio mpango.

Kisanduku cha upawa kilifika asubuhi ambayo nilikuwa nimempeleka Mwalimu hospitali ya macho. Tuliporudi, Kato alikuwa akitungoja mlangoni, upawa umelazwa juu ya kitambaa cha bluu kama mtoto wa ubatizo. Alijua ni mali gani hii. Alijua nani aliyeiomba.

"Uncle, huu nimeufanyia kazi mwenyewe, sikumpa mtu," alisema. "Nimeutoa weusi wote, mpaka kwenye vile vitundu. Ukijiangalia humu unaweza kunyoa ndevu."

Mwalimu alicheka, akasema ndevu zake zimemtoroka zamani. Aliupokea kwa mikono miwili. Aliupapasa kwanza shingo, na nikamwona akitabasamu, maana shingo lilimtambulisha mtu wake kabla ya herufi. Kidole gumba kikateremka hadi kwenye chapa. Kikapita juu ya jina la duka. Kikaenda mbele kidogo, kikasimama. Kikarudi. Kikaenda tena.

"Pumulia, mwanangu," aliniambia.

Niliuchukua upawa, nikauweka chini ya taa ya ubavuni, nikapumulia.

"Waona nini?"

Nilijua ninachoweza kumwambia. Mguu uliosimama tulikuwa nao, nusu ya upinde tulikuwa nayo. Ningeweza kuziunga herufi mbili kwa akili na kumpa jina lake hapo hapo, na hakuna aliyekuwa na macho ya kunikanusha. Nilipumulia mara ya pili, nikaitazama pumzi ikiondoka.

"Naona jina la duka, Mwalimu, lote. Kando yake pana alama ya yai, kama kivuli. Ndani hamna kitu."

"Hata mguu wa herufi?"

"Hata mguu."

Jina la muuzaji lilikuwa limegongwa kwa kina, likalistahimili gurudumu. Herufi za mfuaji zilikuwa za juujuu, za mtu mwenye kalibu ndogo na mkono mwepesi, na sehemu kubwa ya kilichozishika ilikuwa ule weusi wenyewe. Nilijaribu moshi na utepe. Karatasi ilitoka na jina la duka, kubwa na zuri, na pembeni doa la kijivu.

Kato alikuwa amekwisha kuelewa. Alianza kusema jambo kwa Kiganda, akaacha, akafunika uso kwa kile kitambaa cha bluu. Mwalimu alinyoosha mkono hadi akalipata bega lake.

"Usilie. Umeifanya kazi kama nilivyokufundisha. Ndiyo taabu yake."

"Uncle, ningeng'oa mkono wangu."

"Nao tutaufanyia nini? Kaa nao."

Baadaye, Sir alipouliza nani ameharibu, Mwalimu alimjibu kwamba chombo hakijaharibika, kinang'aa. Na kwa upande wa biashara lilikuwa jibu la kweli. Madam alikipiga picha, akaandika jina la duka la Dublin kwa herufi kubwa, na upawa ukaenda kwa mteja wa Jumeirah kabla ya mwisho wa juma. Mteja hakuuliza kile kivuli cha yai ni nini. Kwenye kadi niliandika "mfuaji hajasomeka", nikamsomea Mwalimu. Alitikisa kichwa kukubali, lakini hakuiomba aishike.

Jioni, tulipokuwa tukifunga makabati, alisema jambo ambalo sijalisahau. Alisema kwamba alikuwa amekwisha jua kwa kidole. Aliniuliza mimi ili kidole kipate shahidi. "Ungeniambia unaziona," alisema, "ningekusadiki kwa furaha. Na ningekwenda Goa na jina la uongo mfukoni, nikilisali." Akakohoa kidogo, akaniambia nizime taa.

Aliondoka baada ya sikukuu ya Pasaka. Karatasi zake tatu aliniachia. Ombi lake moja lilikuwa kwamba niende nikamtazame Filomena kila nipatapo Ijumaa ya mapumziko, kwa sababu upepo wa huko hujaza mchanga ndani ya maandishi ya mawe. Alinisisitizia niende na maji na kitambaa laini. Brashi nisichukue.

Nilikuwa Mthamini baada yake, hadi duka lilipofungwa mwishoni mwa muongo. Madam alirudisha kanuni ya zamani bila kuombwa, akakubali picha za vyombo vyeusi. Nadhani naye alikuwa na moyo. Na Kato alizua desturi yake mwenyewe: kabla ya kuwasha gurudumu alizifunika chapa kwa kipande cha ngozi, akakifunga kwa uzi. Vijana aliowafundisha walikiita kiraka cha Uncle, nao wengine wakidhani Uncle ndiye aliyekivumbua. Kato hakuwasahihisha.

Mfuaji wetu sikukutana naye tena. Fedha nyingi ya zama zile ilikuwa ikinunuliwa kwa uzito na kuyeyushwa, na ninaamini vijiko vyake vingine vimekwenda njia hiyo, jina refu na herufi fupi pamoja. Mpwa wa Mwalimu alinipigia simu mwaka uliofuata kunijulisha msiba. Nilimwuliza kama mzee alizikwa vizuri. Akasema vizuri, kanisani, watu wachache, maana wengi pale walikuwa hawamjui.

Sasa nimerudi Taita, nisiye mzee bado wala si kijana, na mabinti wa ndugu zangu wanaotaka kwenda Ghuba hunijia kuuliza kazi zikoje. Huwaeleza habari za vibali na kodi za vyumba vya Al Nahda, kwa kuwa ndizo wanazozijia. Haya mengine nimeona niyaandike, kwa yule mmoja atakayekabidhiwa chombo cha kale na kuharakishwa. Kisome kwanza. Anayekuharakisha hatakuwapo utakapokitafuta kilichofutika.

Ijumaa yangu ya mwisho Dubai nilikwenda makaburini. Mchanga ulikuwa umejaa katika jina la Filomena hadi likasawazika na jiwe. Nilimimina maji kidogo kidogo, nikakipitisha kitambaa kati ya herufi bila kusugua, mpaka jina likajitokeza lote. Chini kabisa, pembeni mwa jiwe, palikuwa na jina la kampuni iliyoliuza, limechongwa kwa kina. Jina la aliyechonga halikuwapo.

Nilichuchumaa, nikapitisha kidole kando ya jina lile la kampuni, nikaenda mbele kidogo, nikarudi.